MTOTO ALAZWAPO HOSPITALI

Ndugu wanachama, katika toleo hili twaweka kando habari za mishahara na vyeo, tuseme juu ya jambo limpatalo kila mwenye watoto. Karani aweza kukaa kazini miaka 20 asipandishwe cheo, lakini ni nadra akae miaka hiyo asibebe mtoto usiku kwenda hospitali.

Mwaka jana mimi niandikaye haya nilimlaza mwanangu wa miaka 3, ameshikwa na malaria iliyomtia degedege. Dawa zilikuwapo, na wauguzi hawakuwa wavivu. Lakini kwa siku 2 mama yake hakuambiwa mtoto anapewa nini, wala kwa nini anachomwa kidole mara kwa mara. Kila alipouliza alijibiwa, "Mama, ngoja nje." Jioni ya pili nilifika mimi kutoka kazini, na kalamu mfukoni, nikaelezwa yote kwa adabu: ya kwamba malaria kali huweza kushusha sukari katika damu, na isipopimwa na kurudishwa mtoto aweza kufa. Aliyekesha hakuambiwa, mwenye kalamu akaambiwa. Waama niliona haya.

Wako wanaodhani ya kuwa kumtenga mama na mgonjwa wake ndio utaalamu. Desturi hiyo ilikuwako kweli Uingereza. Hata karibu na mwaka 1950 hospitali nyingi za huko ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao saa chache tu kwa juma. Hoja yao ilikuwa hii: mama ajapo mtoto hulia, aondokapo hunyamaza, basi mama ndiye msumbufu. Ndipo mwaka 1952 Bwana James Robertson akaonyesha filamu ya binti wa miaka 2 aliyelazwa siku 8 peke yake. Akawaeleza waganga ya kuwa mtoto yule anyamazaye hakuzoea, bali amekata tamaa. Na akirudi nyumbani aweza hata kumgeuzia mama yake uso. Wengi walimkasirikia. Lakini mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt iliishauri Serikali ya huko ya kwamba wazazi waruhusiwe kuingia wakati wowote wa mchana, na mama za watoto wadogo walazwe pamoja nao.

Sisi hatukungoja kamati. Katika wodi zetu mama yupo, amejikunja kitanda kimoja na mtoto au amelala sakafuni juu ya kanga yake. Lakini yupo kwa kazi gani? Huosha, hulisha, hubeba, hushika kikombe cha dawa; kazi ya uuguzi aifanya, maarifa ya uuguzi hapewi. Huko Mulago, Kampala, waliliona jambo hili tangu miaka ya 1960, walipoanzisha kituo cha Mwanamugimu kwa watoto wenye utapiamlo. Maziwa ya hospitali yalimponya mtoto, naye akirudi kwenye chakula kile kile huvimba tena. Basi mama akafundishwa kupika papo hapo, kwa vyakula vya shambani mwake, akamwona mwanawe akinenepa kwa mkono wake mwenyewe.

Hatusemi haya kuwalaumu wauguzi, ambao wengine ni wanachama wenzetu. Mtu mmoja wa zamu ya usiku katika wodi iliyojaa hawezi kutazama vitanda vyote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo amhitaji mama. Akimwambia, kwa dakika 2 tu, "Ukiona anapumua mbio, au ameacha kunyonya, au amelegea hakuitiki, niite upesi," amejipatia macho mengine kando ya kila kitanda. Na akimwita mama huyo kwa jina lake, si "wewe mwenye mtoto wa kitanda cha dirishani," hatachelewa kuitwa.

Na sisi akina baba je? Wengi wetu twaona kazi yetu imekwisha tukitoa nauli na fedha ya dawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto wake, lakini ni makarani wangapi wamewahi kuziomba? Mwingine hata huchelea kuchekwa na wenzake. Siku moja ya baba kukaa wodini ni siku ya mama kuoga, kulala, na kuwatazama watoto waliobaki nyumbani.

Tunawaomba makatibu wa matawi walete neno hili katika mkutano ujao. Na ninyi makarani mketio kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali, hamna haja ya kungoja mkutano: katika jalada la mtoto andikeni pia jina la mama, na jina la atakayempokea zamu.