Ndugu Yetu Muuguzi Anarudi Shule: Tusimharakishe



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto na maji ya kunywa. Mwezi huu tunaomba nafasi tuseme juu ya wale wanaotuuguza, na hasa juu ya namna wanavyojiongezea elimu. Katika parokia zetu zipo familia zenye binti au kijana aliyekwenda Marekani akawa muuguzi huko. Siku moja anapiga simu nyumbani: anataka kurudi shule, asomee shahada ya juu ya uuguzi kwa njia ya intaneti, bila kuacha kazi. Nyumbani wanafurahi, kisha wanauliza mambo mawili. Ni miaka mingapi? Ni dola ngapi?

Maoni yetu ni kwamba maswali hayo ni ya haki, lakini yasiwe ya kwanza. Familia inapoyatanguliza, humsukuma ndugu yake bila kukusudia kwenye chuo cha haraka na cha bei nafuu, na madhara yake huonekana baadaye, pesa zikiwa zimekwisha kulipwa.

Yafaa kwanza tueleze ni kazi gani anayoisomea. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianza kuwafundisha wauguzi kazi ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya daktari: kumpima mtoto, kutambua kinachomsumbua na kuamua matibabu yake. Sababu yao sisi wa huku tunaielewa vizuri, kwani watoto wa vijijini hawakuwa na daktari wa karibu. Mama Ford alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104, na kazi aliyoianzisha imeenea Marekani nzima. Mwenye kazi hiyo tutamwita hapa muuguzi-tabibu, kwa sababu anachokifanya kinafanana sana na kazi ya tabibu katika zahanati na vituo vyetu vya afya. Anapima, anasoma majibu ya maabara, anaandika dawa. Akikosea, mgonjwa ndiye anayelipa.

Je, kazi kama hiyo inaweza kusomwa kwa kompyuta? Wapo wazee wanaotikisa kichwa wakisikia hivyo. Sisi hatuko upande wao. Wengi wa kizazi chao walipata elimu yao kwa njia ya posta, wakipokea masomo kwa bahasha na kujibu mitihani kwa taa ya chemli, na hakuna aliyewaambia kwamba hawakusoma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia ili wakae bwenini. Kwa upande wa uuguzi wenyewe tunao mfano wa jirani. Mwaka 2005, AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa kutumia kompyuta, nao wakiwa wanaendelea kuhudumia wagonjwa. Nadharia ilisomwa kwenye kompyuta, lakini mazoezi yalifanyika hospitalini mbele ya msimamizi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwili wa binadamu unaweza kuusoma kwa kitabu, kwa bahasha au kwa skrini. Lakini kusikiliza pafu la mtoto mwenye nimonia, kupapasa tumbo la mama anayelalamika maumivu ya upande mmoja, kumtazama mtu usoni na kujua kwamba anaficha jambo, hayo hufundishwa kitandani pa mgonjwa na mtu aliyekutangulia. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza chuo chochote cha namna hii ni hili: mazoezi yatafanyika wapi, na nani atanisimamia?

Kwa viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022, mwanafunzi wa muuguzi-tabibu Marekani anatakiwa kutimiza saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa ana kwa ana chini ya usimamizi. Anayesomea shahada ya uzamivu ya uuguzi hutakiwa kufikia saa 1,000 za mazoezi. Tuzipige hesabu hizo 750. Kwa siku ya saa nane ni kama siku 94. Mtu aliye kazini akipata siku mbili kwa juma, ni majuma 47, yaani karibu mwaka mzima, na saa hizo kwa kawaida hazina mshahara. Hakuna kompyuta inayoweza kuzifupisha. Chuo kinachojigamba kuwa kila kitu kiko kwenye intaneti ama kinasema nusu ya ukweli, ama hakifundishi kazi hiyo.

Tena upo mtego ambao wengi huuona wakiwa wamekwisha kuingia. Vipo vyuo vinavyomtafutia mwanafunzi kliniki na msimamizi, na vipo vinavyomwambia ajitafutie mwenyewe. Kwa mwenyeji mwenye marafiki madaktari huenda si shida. Kwa mgeni kutoka Moshi au Kakamega, anayefanya zamu za usiku na kumfahamu daktari mmoja tu, ni shida kubwa. Ataandika barua, atapiga simu, atakataliwa, na wapo wanaofikia kulipa pesa za ziada kwa mtu wa kuwaunganisha na msimamizi. Muhula unapita, na kuhitimu kunachelewa. Kwa maoni yetu, chuo chenye ada kubwa kidogo lakini kinachoahidi kwa maandishi kumpatia mwanafunzi mahali pa mazoezi ni nafuu kuliko cha bei ndogo kinachomwacha njiani. Tunasema kwa maandishi, kwa sababu maneno ya mdomo ya wanaosajili wanafunzi huwa matamu sana. Kazi yao ni kusajili.

Jambo la pili ni ithibati. Marekani vipo vyombo vinavyokagua shule za uuguzi, vinavyojulikana zaidi vikiwa CCNE na ACEN. Mtu asitosheke na alama yake iliyobandikwa kwenye tangazo la chuo. Aende kwenye orodha ya chombo chenyewe, atafute jina la chuo na jina la programu anayoitaka. Chuo kinaweza kuwa na ithibati kama chuo, lakini programu fulani isiwe nayo, na pasipo ithibati ya programu mtu hawezi kutegemea kuruhusiwa kufanya mtihani wa kitaifa wa kuthibitishwa. Aulize pia, katika wanafunzi waliohitimu miaka ya karibuni, wangapi walifaulu mtihani huo mara ya kwanza. Chuo kizuri hujibu swali hilo siku hiyo hiyo.

Wala tusidanganyike na jina. Vipo vyuo vya Kikatoliki vinavyotoa masomo haya kwa intaneti, mojawapo kikiwa Georgetown cha Wajesuiti kule Washington, na ni jambo la kutufurahisha. Lakini jina la mtakatifu langoni siyo ithibati, na Mkatoliki aulize maswali yale yale kwa sauti ile ile.

Kuna watakaosema tunatia chumvi. Januari 2023, serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 waliohusishwa na uuzaji wa vyeti vya uuguzi katika shule tatu za jimbo la Florida. Vyeti zaidi ya 7,600 vilikuwa vimetolewa kwa watu ambao hawakumaliza masomo wala mazoezi yanayotakiwa, nao wakavitumia kwenda kufanya mtihani wa leseni. Hivyo vilikuwa vyeti vya uuguzi wa kawaida, siyo vya muuguzi-tabibu, lakini funzo ni lile lile. Bodi za uuguzi za majimbo mbalimbali zilianza kuwafuatilia waliovipata, na baadhi yao walipoteza leseni. Na tuwafikirie pia wagonjwa waliolala mbele ya watu hao bila kujua lolote.

Marekani, leseni ya uuguzi hutolewa na jimbo. Chuo kilichoko jimbo moja huenda hakiruhusiwi kumpa mwanafunzi mazoezi katika jimbo jingine. Basi muuguzi aulize mapema: je, mnapokea mwanafunzi anayeishi jimbo langu, na shahada yenu itanipatia leseni hapa? Majimbo zaidi ya nusu yanamruhusu muuguzi-tabibu kutibu bila kufungwa na mkataba wa daktari, ingawa baadhi humtaka kwanza afanye kazi kwa muda chini ya uangalizi. Mengine, kama Texas, humtaka awe na makubaliano na daktari. Anayefikiria kuhama afikirie pia hilo.

Halafu achague anataka kumtibu nani. Mafunzo yamegawanyika: wapo wa familia nzima, wa watoto, wa wagonjwa wa akili, wa wagonjwa mahututi, na wengineo. Aliyesomea familia hapaswi kujiona ametayarishwa kwa chumba cha mahututi. Kubadili baadaye ni kurudi darasani na kulipa tena. Tunajua kwamba wengine huchagua kwa kusikia fani ipi inalipa vizuri mwaka huu. Sisi tungependa achague wale wagonjwa ambao baada ya zamu ndefu bado ana subira nao.

Sasa tuje kwetu sisi tuliobaki nyumbani, maana hapa tunayo neno. Muuguzi wa hospitali ya Marekani mara nyingi hufanya zamu tatu za saa kumi na mbili kwa juma. Ongeza siku mbili za mazoezi, ongeza vitabu, ongeza watoto wake. Katika mwaka huo huo anapokea ujumbe kutoka nyumbani: bati za nyumba, harusi ya binamu, ada ya mdogo wake, mchango wa kanisa. Hatukatai kwamba kusaidiana ni wajibu wetu wa Kikristo na wa kiafrika. Lakini tumeona jinsi anavyofanya asiyetaka kuwaudhi wazazi: anaongeza zamu. Akiongeza zamu, analala saa nne. Muuguzi aliyelala saa nne ndiye anayepima dozi ya mtoto wa mtu.

Pendekezo letu ni wazi. Familia ikae, ikiwezekana na mzee mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo anayeheshimika, ikubaliane kwamba katika mwaka wa mazoezi ndugu yao hataombwa pesa isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Mzazi ndiye amwambie, maana yeye mwenyewe hataomba. Naye huko aulize mwajiri wake kama husaidia ada, kwa kuwa baadhi ya hospitali hufanya hivyo kwa sharti la kuendelea kufanya kazi hapo kwa muda fulani. Sharti hilo alisome vizuri kabla ya kutia sahihi. Anayeondoka mapema huenda akadaiwa kurudisha pesa yote.

Lipo kundi jingine tusilolisahau, nao ni wauguzi walioko hapa hapa Tanzania wanaoona matangazo ya shahada hizo kwenye simu zao na kuuliza kama wanaweza kuzisoma wakiwa Songea au Sumbawanga. Kwa masomo ya muuguzi-tabibu ya Marekani jibu letu ni hapana, isipokuwa mtu akubali kupoteza pesa. Vyuo hivyo hudai leseni hai ya uuguzi ya Marekani, na mazoezi hufanyika katika kliniki walizozikubali wao. Anayepokelewa bila leseni hiyo, kwa kutuma tu namba ya kadi ya benki, ajiulize amepokelewa na nani.

Lakini kujiendeleza hapa nchini kunawezekana. Tunacho Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba Shirikishi cha Bugando, Mwanza, na vipo vyuo vya serikali na vya madhehebu mengine vinavyofundisha shahada ya uuguzi. Kwa cheti na stashahada, mtu athibitishe kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET. Kwa shahada, aangalie Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo ndiyo pia inayotambua shahada zinazotoka nje. Na kwa lolote linalohusu kugusa mgonjwa, neno ni la Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010.

Masista wauguzi na walei wa zahanati zetu za parokia wanaofikiria masomo ya mbali wamwone mganga mfawidhi wao mapema, kabla ya kujaza fomu. Zahanati yenye wauguzi wawili haiwezi kumwachia mmoja siku mbili kila juma bila kupanga. Na aliyekwisha kulipa muhula wa kwanza kwenye chuo asichokuwa na hakika nacho aandike barua Baraza na TCU sasa, aambatanishe nakala ya mtaala na barua ya kupokelewa, na asilipe muhula wa pili mpaka amejibiwa.