Daktari wa Uchumi: Asomee Fani Gani?



Vijana wa visiwani siku hizi huwakuta mpaka Mwanza, na baadhi yao wataka kusoma uchumi hata daraja ya udaktari. Wazee huuliza: fani ipi ina kazi nzuri? Wengi hujibu: fedha na mabenki. Sisi twaona swali hilo limeanzia mkiani.

Mwanafunzi wa udaktari husoma kwanza misingi, yaani nadharia na takwimu, ambayo haiepukiki katika fani yoyote. Kisha huchagua fani, na baadaye huandika tasnifu, kazi ya miaka. Fani iliyochaguliwa kwa ajili ya jina lake humchosha mtu njiani. Yafaa swali litangulie, fani ifuate.

Na maswali Mwanza ni tele. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani. Hawakungoja daktari, walijenga vyama vyao, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Kwa nini vilistawi, na kwa nini vilidhoofika? Hapo pana uchumi wa kilimo. Sangara naye hana mwenyewe mpaka avuliwe, na nchi tatu zamvua katika ziwa moja: huo ni uchumi wa maliasili. Mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya sumu, lilikuwa swali la biashara ya nje.

Hayo si mageni kwetu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake katika miaka ya 1980, bei yetu ilianguka. Atakayeielewa vema bei ya pamba Mwanza ataweza kuieleza na ya karafuu Pemba.

Basi kijana akitujia kuomba msaada wa karo, tusimlazimishe karafuu, wala tusimsifu kwa sababu ya benki. Tumuulize matatu: Swali lako ni lipi? Takwimu zake zapatikana wapi? Ni mwalimu gani atakayekusimamia? Asiye na majibu na akayatafute kwanza. Aliye nayo, tumchangie.

Wenye rai nyingine na watuletee.