Zawadi ya Wiski kwa Mkwe

Askari akaaye Mengo, apatapo likizo, huenda akataka kumpelekea mkwewe, mnywaji wa wiski ya Scotland, chupa ya Ireland. Zote mbili hulazwa katika mapipa ya mbao si chini ya miaka 3. Hivyo heshima haipungui, ila ladha hutofautiana.

Wiski za Scotland kwa kawaida hukenekwa mara mbili, na baadhi hunuka moshi wa udongo wa kinamasi uliokaushia shayiri. Nyingi za Ireland hukenekwa mara tatu, zikawa laini, bila moshi. Basi chunguza kwanza mzee hupenda nini. Apendaye moshi, mchagulie Connemara. Apendaye uzito wa shayiri, Redbreast itamfaa. Apendaye wepesi, Jameson yatosha.

Nunua katika duka la kuaminika, ukague kizibo; mwaka 2010, huko Kabale, waragi yenye methanoli iliua watu wengi. Na ikiwa daktari amemkataza mzee kileo, mpelekee sukari na majani ya chai. Zawadi njema haimdhuru aipokeaye.