Kompyuta si Uganga

Wako watu, msomaji, wasemao ya kwamba kijana ajuaye kubonyeza vitufe vya kompyuta amekwisha kuelimika, na ya kwamba mambo ya ndani ya chombo hicho ni ya wenye viwanda vya ng'ambo. Miongoni mwao wamo hata walimu wenzangu. Neno hili lapotosha, na yafaa tulikatae.

Hebu tutazame kilichomo ndani. Chipu ni kipande kidogo cha silikoni chenye swichi ndogo mno ziitwazo transista. Kila swichi ama hupitisha umeme ama huuzuia. Swichi hizo hupangwa zifanye kazi ya maneno matatu ambayo kila mtoto ayajua: "na", "au", "si". Penye "na", umeme hutoka iwapo njia zote mbili za kuingilia zina umeme. Penye "au", hata njia moja yatosha. "Si" hugeuza jambo kuwa kinyume chake. Kwa maneno hayo matatu kompyuta hujumlisha, hulinganisha na hukumbuka. Uganga uko wapi hapo?

Watajibu, "Kiwanda cha chipu hugharimu mabilioni ya dola, tutakipata wapi?" Kweli kiwanda ni ghali, lakini wasemao hivyo wamechanganya mchora ramani ya nyumba na mwashi. Mwaka wa 1978 Bi. Lynn Conway alifundisha somo la kubuni chipu katika chuo cha MIT, Marekani. Wanafunzi wake hawakuwa na kiwanda. Walichora tu, michoro yao ikakusanywa, ikatengenezwa kwa pamoja katika kiwanda cha kampuni ya Hewlett-Packard, kisha chipu zikarudishwa kwa wenyewe. Mwaka wa 1979 vyuo vingine kadhaa viliingia katika mpango kama huo. Siri ya viwanda ikawa somo la darasani.

Wala mtu asiseme kwamba tutanyimwa ruhusa. Mwaka wa 2010, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza kutunga RISC-V, orodha ya amri ambazo kompyuta huzitii. Mtu yeyote aweza kubuni chipu ya kufuata orodha hiyo bila kulipia leseni. Mlango u wazi. Tusimamapo nje, tumejizuia wenyewe. Na wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi, mwanafunzi, usingoje chuo kikuu. Betri, taa moja, swichi mbili na waya vyatosha kuanzia. Zipange swichi zifuatane katika njia moja, nawe umeunda "na". Ipe kila swichi njia yake, nawe umeunda "au". Shule isemayo kwamba haiwezi kupata vitu hivyo haikukosa fedha, imekosa nia.