Mjane wa mchezo wetu



Wengi wenu mlikuwepo tulipocheza mchezo wa mjane mara ya kwanza. Mnakumbuka ulivyoisha: ndugu za marehemu wanatia kufuli mpya mlangoni, mjane anabaki njiani na watoto watatu na mbabula yake. Mlikasirika. Mama mmoja alisimama akatuambia kwamba watu hawatoki nyumbani siku ya Yenga ili kulizwa. Wengine mlidai shemeji apige magoti aombe msamaha.

Yenga iliyofuata tukawatii. Shemeji akapiga magoti, ufunguo ukarudi, tukaimba, mkacheza hata jua likashuka. Sahani ya michango haijawahi kujaa namna ile.

Tulipokuwa tunakusanya viti, mama mmoja alibaki amekaa. Akasema: “Kwangu hakuna aliyepiga magoti. Watoto wangu wameona mchezo huu. Sasa watafikiri mimi sikulia vya kutosha?” Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo tunabishana sisi kwa sisi, na katika mabishano tulimkumbuka Louisa May Alcott, mwandishi wa Marekani. Wengine kati yetu tulisoma kitabu chake kwa Kifaransa, Les Quatre Filles du docteur March. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1868. Mchapishaji ndiye aliyemwomba kitabu cha wasichana, naye alikubali kwa sababu jamaa ilihitaji feza. Baba yake alikuwa mtu wa mawazo makubwa na mapato madogo (tunawajua wa namna hiyo). Kisha barua zikaanza kumiminika. Wasichana walitaka kujua nani ataolewa na nani, na zaidi ya yote walitaka Jo, yule anayependa kuandika, aolewe na Laurie, kijana wa jirani.

Louisa mwenyewe hakuolewa mpaka alipokufa mwaka wa 1888. Alitaka Jo naye abaki bila bwana, ale kwa kalamu yake. Katika sehemu ya pili, mwaka wa 1869, alimnyima Laurie, lakini hakuthubutu kumwacha peke yake: akamwoza profesa Mjerumani aliyemzidi umri sana, kama kwa ukaidi. Hatumlaumu, maana wasomaji hao ndio waliomwondolea madeni. Lakini Jo aliyemwota hatukumpata. Kifo cha Beth alikiacha katika kitabu, maana dada yake Elizabeth alikufa kweli, mwaka wa 1858.

Kuna mambo ambayo ninyi watazamaji mlituonyesha kwa haki. Hotuba ya baba mkubwa ni ndefu kupita kiasi, tumeikata. Hakuna mtu anayebeba mbabula yenye moto kichwani, tumeizima. Hata koko zetu, tulipopiga kelele “tena, tena!”, walirefusha wimbo wa sungura. Lakini fisi alibaki fisi.

Na aliyesema kwamba mwisho wa kwanza unawaacha wajane bila njia, naye hakukosea. Sisi ndio tuliosahau. Sheria ya Familia ya mwaka wa 1987 inampa mjane wa ndoa iliyoandikishwa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana wake. Mchezo wetu haukusema neno hata moja juu ya jambo hilo.

Basi Yenga hii, saa tisa, tutacheza mwisho wa tatu. Kufuli inabaki mlangoni. Shemeji hapigi magoti. Mjane anafungua kitambaa alichofungia karatasi ya ndoa, anawaachia jirani watoto, na anakwenda kwenye tribinali. Hukumu hatuionyeshi. Yule mama amekubali kuja siku ya Posho kutufundisha maneno ambayo shemeji husema pale mlangoni, kwa sababu anasema yetu yalikuwa ya upole mno.

Kila mtu aje na kiti chake.