Kadi ya Wi-Fi Ikaguliwe Kabla ya Kununuliwa Nyingine

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Lakini hata mkulima hodari hulikagua jembe lake kabla ya kulitupa. Hayo yalithibitika katika nyumba moja ya kota za askari. Kila Jumamosi jioni mama na watoto walikusanyika mbele ya kompyuta mpakato yenye mfumo wa Linux, wapate kuzungumza na baba aliyekuwa kituo cha mbali. Baada ya dakika chache sura ya baba iliganda, sauti ikapotea, na watoto wakaenda kulala bila kuagana naye. Juma la tatu mama alikata shauri kuchukua fedha za karo anunue kompyuta nyingine.

Kwa bahati njema, mwanawe mkubwa alimwomba asubiri siku saba. Kijana huyo alifanya kama wafanyavyo askari wapelelezi: alifungua daftari. Kila mtandao ulipokatika aliandika saa, chumba, kama kompyuta ilikuwa kwenye umeme au kwenye betri, na kama simu iliyotumia Wi-Fi ileile ilikatika pia. Simu ikikatika pamoja na kompyuta, yafaa kushuku ruta au kampuni ya mtandao kwanza, wala si kadi. Hapa simu iliendelea vema. Tena daftari lilifichua jambo moja: kadi ilikatika tu pale kompyuta ilipotumia betri.

Ushahidi huo ulionyesha njia. Ili betri idumu, Linux huweza kuiamuru kadi isinzie kila inapokosa kazi, na baadhi ya kadi hukawia kuamka. Mwenye kutaka kujaribu huandika amri iw dev ili alijue jina la kadi, mathalani wlp2s0. Kisha huandika sudo iw dev wlp2s0 set power_save off. Amri hiyo si ya kudumu, kwani hufutika kompyuta izimwapo. Katika nyumba ile usingizi wa kadi uliletwa na TLP, programu ya kutunza betri; kwa hiyo maneno WIFI_PWR_ON_BAT=off yaliandikwa katika faili /etc/tlp.conf. Pasipo TLP, aghalabu mwenye amri ni NetworkManager, nayo huzuiwa kwa kuandika wifi.powersave = 2 chini ya neno [connection] katika faili yake ya mipangilio.

Si kila kosa hufanana na hilo. Kadi isipoonekana kabisa, huulizwa kwanza rfkill list. Jibu huonyesha kama kadi imefungwa na programu au na swichi. Kufuli la programu hufunguliwa kwa rfkill unblock wifi. La swichi hufunguliwa kwa kidole tu, kwenye kitufe cha kompyuta yenyewe.

Hapana kufuli, basi amri lspci -k itataja kadi na programu inayoiendesha, na sudo dmesg itaeleza kama kadi imekosa programu yake ya ndani. Kadi nyingi haziwezi kufanya kazi bila programu hiyo. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, haikuziweka programu za namna hiyo zisizo huru katika kisakinishi chake rasmi hadi toleo la 12, lililotoka Juni 2023. Aliye na toleo la zamani aunganishe simu kwa waya wa USB apate mtandao wa muda, kisha asakinishe firmware-iwlwifi kwa kadi za Intel, au firmware-realtek kwa za Realtek.

Pahali pa makazi yaliyosongamana, ruta za majirani nazo huingiliana. Kwenye mawimbi ya GHz 2.4, njia 1, 6 na 11 ndizo zisizogongana. Mawimbi ya GHz 5 yana nafasi zaidi, lakini hudhoofika upesi yapitapo ukutani.

Hayo yote yakishindikana, fundi aitwe azitazame nyaya za antena, maana huweza kulegea. Kadi ndogo ya USB inunuliwe mwisho, na kabla ya kulipa iulizwe ina chipu gani. Wako watengenezaji wanaobadili chipu ndani na kuacha jina lilelile juu ya boksi.

Karo ya watoto ililipwa kwa wakati wake. Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika kote kotani, ila ruta na kompyuta ziliendelea kwa betri. Mazungumzo yalidumu saa nzima, na aliyeaga wa kwanza alikuwa baba mwenyewe, kwa kuwa zamu yake ya lindo ilikuwa imefika.