Vyeo Vyagawiwa, Kura Haijapigwa

KUNA biashara inayofanywa mchana kweupe kila baada ya miaka mitano katika nchi ya Kenya, nayo haihitaji leseni wala haitozwi ushuru. Mtu anayewania urais, ambaye bado hajapata hata kura moja, huwaita wazee wa vyama, wale ambao wengi wao tuliwajua tangu enzi ya chama kimoja, akawagawia serikali. Huyu atashika Hazina, yule Ardhi, mwingine atakalia kiti cha spika. Hayo yakishakamilika ndipo mwananchi huitwa kituoni, atie kidole wino, aidhinishe mgao ambao hakuwapo ulipofanywa.

Tuanze na mwaka ambao kila msomaji anaukumbuka. Tarehe 16 Mei 2022, katika jumba la KICC jijini Nairobi, Raila Odinga alimtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake. Hilo halina ubaya, kwani Katiba yenyewe inamtaka mgombea awe na mwenza. Lakini hakuishia hapo. Papo hapo alimtaja Hassan Joho kuwa waziri wa ardhi, Wycliffe Oparanya wa fedha, Peter Munya wa kilimo, na Kalonzo Musyoka akamwekea cheo cha mkuu wa mawaziri. Siku hiyohiyo Kalonzo, aliyekuwa Makamu wa Rais tangu Januari 2008 hadi 2013 na mgombea mwenza mara mbili, alikikataa kiti hicho na kutangaza kwamba naye atawania urais. Wiki zilipopita kidogo, mwanzoni mwa Juni, akarejea kundini. Mwananchi wa Ukambani aliyetazama mvutano huo anaruhusiwa kuuliza: katika siku hizo za kususa na kupatanishwa, ni nani aliyetaja maji ya Kitui?

Upande wa pili haukuwa bora. Muungano wa Kenya Kwanza uliandika mgao wake kwa hesabu kabisa. Kama mkataba ulivyotangazwa, vyama vya Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula vingepata asilimia 30 ya serikali iwapo vingeleta asilimia 70 ya kura za Magharibi. Mudavadi angekuwa Mkuu wa Mawaziri, Wetang'ula Spika wa Bunge la Taifa. Tazama maneno hayo vizuri, ndugu msomaji. Kura ya mama wa Mumias imekwisha kuwekwa rehani na mtu ambaye hakumwuliza, kwa bei ambayo hataiona.

Na sasa lije jambo ambalo watetezi wa mikataba hii hawapendi kulijadili. Kura zilipohesabiwa Agosti 2022, kaunti za Kakamega, Busia na Vihiga zilimpa Raila wingi wa kura, na Vihiga ndiko nyumbani kwa Mudavadi. William Ruto alishinda Bungoma na Trans Nzoia. Kwa masharti yao wenyewe, bei haikulipwa. Hata hivyo mali ilitolewa: Mudavadi alipata cheo chake, na Wetang'ula akaketi kwenye kiti cha spika Septemba 2022. Basi tuambiwe, zile asilimia zilikuwa za nini? Ikiwa watu wa Magharibi walikataa na bado vyeo vikatoka, ni dhahiri kwamba vyeo havikuwa vya watu wa Magharibi. Vilikuwa vya wawili, na jina la jamii lilitumika kama karatasi ya kufungia bidhaa.

Cheo chenyewe kina kioja chake. Ukiisoma Katiba ya 2010 tangu mwanzo hadi mwisho hutamkuta Mkuu wa Mawaziri. Kifungu cha 152 kinataja Rais, Naibu wake, Mwanasheria Mkuu, na mawaziri wasiopungua 14 wala kuzidi 22. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iliuzima mpango wa BBI, ambao miongoni mwa mengine ulitaka kumrudisha Waziri Mkuu ili vigogo wapate pa kukaa. Wino wa hukumu ulikuwa haujakauka, na pande zote mbili za kinyang'anyiro zikawa zimekwisha kubuni kiti kinachofanana nacho. Walioipinga BBI kwa sauti kubwa zaidi ndio waliokianzisha, tena kwa amri ya rais. Kisha ikaja zamu ya wadogo. Machi 2023 waliapishwa Mawaziri Wasaidizi 50, wengi wao wanasiasa walioshindwa katika uchaguzi, ilhali nafasi zilizokuwa zimetajwa mwanzoni ni 23. Mahakama Kuu iliubatilisha uteuzi huo Julai 2023. Ahadi zilikuwa zimezidi viti, basi viti vikaongezwa. Mlipa kodi hakuulizwa.

Wala mtu asidhani kwamba haya yalianza juzi. Oktoba 2002 kambi ya Mwai Kibaki na ile ya Raila zilitia saini makubaliano ya kugawana serikali nusu kwa nusu, pamoja na ahadi ya uwaziri mkuu. Wananchi hawakuonyeshwa. Desemba nchi nzima ilishangilia kung'oka kwa KANU. Kumbe ndani ya sherehe mlikuwa na deni. Deni halikulipwa, na kinyongo chake kilitembea hadi kura ya maoni ya Novemba 2005, serikali ilipogawanyika hadharani na Rais akalifuta baraza zima la mawaziri. Ugomvi wa wakubwa hao ulikuwa miongoni mwa yaliyotufikisha kwenye uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyofuata, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Na dawa ya msiba huo ilikuwa nini? Baraza la mawaziri 40, lililotangazwa Aprili 2008, huku maelfu wakilala ndani ya mahema ya wakimbizi. Serikali ya nusu mkate, ndivyo walivyoiita, wala hawakuona haya kwa jina hilo.

Hapa sisi waumini wa misikiti tuna jambo letu la kusema, kwani biashara hii iliwahi kuingia mlangoni mwetu. Mwanzoni mwa 2007 makumi ya watu, wakiwemo wanawake na watoto, walisafirishwa kwa ndege kutoka Kenya hadi Somalia, na wengi wao wakaishia katika magereza ya Ethiopia. Waislamu waliumia. Agosti ya mwaka huo Raila alitia saini makubaliano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, NAMLEF, ambamo suala la waliosafirishwa lilikuwamo. Lakini makubaliano yalifungiwa kabatini. Kwa kuwa hakuna aliyeyaona, wapinzani waliandika ya kwao, wakadai kwamba yameahidi kuitawala nchi kwa sharia, na uzushi huo ukasambazwa katika kampeni hadi waliotia saini walipolazimika kuchapisha maandishi ya kweli Novemba. Siri iliwapa maadui kalamu.

Na matokeo? Vyeo vilipatikana. Najib Balala, mmoja wa vinara wa ODM wakati huo, alipewa wizara ya utalii, na hatumwonei kijicho. Ama Mkenya aliyekabidhiwa kwa Wamarekani mwaka 2007 na kupelekwa Guantanamo, huyo hakurejeshwa nyumbani hadi Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: baraza lilitangazwa ndani ya miezi minne tangu uchaguzi, mfungwa alisubiri miaka 17. Cheo kilifika haraka kwa sababu kilikuwa na mtu wa kukidai kila asubuhi. Haki ya mfungwa haikuwa na kigogo.

Tuje Pwani na ardhi, maana hapa ndipo moyo unapouma. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenyeji wa ukanda huu waandikishe madai yao ya ardhi, na ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi hawakuandikisha, ama kwa kutojua, ama kwa kuwa ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na mwenye mmoja. Wajukuu wao leo huitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Tume ya Ndung'u ilikabidhi ripoti yake 2004, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhi yake Mei 2013, na zote zikawekwa mahali ambapo vumbi ni jingi. Mei 2022 suala hili la zaidi ya karne moja likageuzwa kuwa sentensi moja: Joho atakuwa waziri wa ardhi. Watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza ni mashamba gani, kwa sheria ipi, kwa fidia ya nani, ndani ya miaka mingapi. Jina la mtu lilitosha kuwa sera.

Raila hakushinda. Miaka miwili baadaye, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na Rais akalivunja baraza lake Julai 2024, Joho aliingia serikalini kwa mlango wa upande wa pili, akapewa madini na uchumi wa bahari. Oparanya alipewa ushirika, John Mbadi Hazina, Opiyo Wandayi kawi. Vijana walikuwa wamepaza sauti juu ya kodi na ufisadi, na wapo waliouawa kwa risasi. Jibu lililotolewa lilikuwa viti kwa wazee wa chama cha upinzani. Ile ahadi ya ardhi ya Pwani ilihamia wapi? Haikuhama. Ilikuwa imefungwa kwenye kiti, na mwenye kiti alipobadilisha kiti, iliachwa barabarani.

Wapo wanaotujibu kwamba bila mikataba jamii ndogo zitaachwa nje. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi, kwa kuwa wengi wetu ni katika hao waliowahi kuachwa. Lakini Kifungu cha 130 cha Katiba tayari kinaamuru kwamba serikali kuu iakisi sura ya maeneo na makabila yote ya nchi. Kiti cha Mpwani au cha mtu wa Wajir ni haki yake kisheria hata kama jamii yake haikumpigia mshindi kura moja. Anayekuja kukuuzia haki yako mwenyewe kwa malipo ya kura yako, huyo amekufanyia hisani gani? Wengine husema wazee wana tajiriba. Naam, baadhi yao wanayo. Basi waipeleke mbele ya Bunge wakahojiwe, kama sheria inavyotaka. Mwaka 2022 kamati ilimkataa mmoja wa walioteuliwa, na Bunge zima likampitisha na wenzake wote. Mahojiano ya kitu kilichokwisha kulipiwa huwa hivyo.

Mwaka 2023 Rigathi Gachagua, akiwa Naibu wa Rais, aliifananisha serikali hadharani na kampuni yenye wenye hisa. Wakenya walimkemea kwa ubaguzi, na walikuwa na haki. Hata hivyo alikuwa amesema kwa mdomo lililokwisha kuandikwa katika mikataba. Oktoba 2024 naye aliondolewa madarakani kwa kura ya Seneti, akajua kwamba hisa za aina hii hununuliwa na kuuzwa bila mwenyewe kuarifiwa.

Uongozi ni amana. Kisa cha Abu Dharr (r.a.), aliyeomba kupewa uongozi na Mtume (s.a.w.) akamkatalia kwa kumhurumia, kinajulikana na kila aliyeketi darsani. Abu Dharr alikuwa mkweli na mcha Mungu, na bado hakupewa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika mgombea akimpa mpiga kura shilingi mia mbili ili amchague. Akimpa kinara wa chama wizara nzima ili awalete wapiga kura laki mbili, huitwa muungano, na picha hupigwa.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, na wageni wameanza kuzunguka. Watakuja misikitini siku ya Ijumaa, watavaa kofia, watakaa safu ya mbele. Tunaziomba kamati za misikiti zisitoe kipaza sauti kwa yeyote kati yao ambaye hajaleta nakala ya mkataba wake na wenzake, ibandikwe ubaoni pale penye nyakati za swala, wiki mbili kabla ya ziara. Mikataba ya miungano huwekwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, kwa hiyo asiseme kwamba haipo. Na akishasimama aulizwe kwanza juu ya hati za ardhi, kwa majina ya mashamba, kabla hajafika kwenye majina ya mawaziri.